Kiti Maalum ni cha Nani? Barua ya wazi kwa Makatibu Wakuu wa vyama vya siasa Tanzania

Ndugu Makatibu Wakuu,

Nawaandikia kwa pamoja, wa chama tawala na wa vyama vya upinzani, ingawa najua hakuna kati yenu anayependa kutiwa kapu moja na mwenzake. Kwenye karatasi mko mbalimbali kweli. Chama Cha Mapinduzi hakijafuta Ujamaa na Kujitegemea katika katiba yake. ACT-Wazalendo kilikwenda Tabora mwaka 2015 kutangaza azimio la kuirudisha misingi ya Arusha kwa sura mpya. CHADEMA kiliasisiwa 1992 chini ya Edwin Mtei, gavana wa kwanza wa Benki Kuu, aliyeacha uwaziri wa fedha mwaka 1979 baada ya kutofautiana na Mwalimu Nyerere juu ya masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Chama chake kikaja kujiunga na umoja wa kimataifa wa vyama vya mrengo wa kulia. CUF kikaenda kwa waliberali. Anayesoma ilani zenu angetarajia kumkuta mwanamke mahali tofauti katika kila chama. Akiziweka ilani pembeni na kutazama namna chama chenyewe kilivyopangwa, atamkuta palepale: UWT ya CCM, BAWACHA ya CHADEMA, JUKECUF ya CUF, Ngome ya Wanawake ya ACT-Wazalendo. Ana jumuiya yake, mwenyekiti wake, sare yake ya kitenge, na orodha ya majina inayosubiri sahihi ya mtu mwingine.

Ninachodai ni hiki. Mrengo wa chama unaweza kutueleza mwanamke ataahidiwa nini. Ataamua nini, hilo mrengo hautuelezi. Historia yetu yenyewe inaonyesha kwamba wanawake wa nchi hii walipata kitu kila walipokuwa na nguvu yao wenyewe, nguvu ambayo chama kiliihitaji lakini hakikuwapa, na walikosa kila nguvu hiyo ilipogeuzwa kuwa idara ya chama. Imekuwa hivyo wakati wa ujamaa, ikawa hivyo wakati wa soko huria, na itaendelea kuwa hivyo mkibaki na utaratibu mlio nao wa viti maalum.

Tuanze na TANU, maana huko ndiko wengi wenu mlikorithi mpangilio huu. Chama kilizaliwa Julai 1954, na kwa mwaka mzima hakikuwa na wanawake wa kuhesabika. Mwaka 1955 alikuja Dar es Salaam mgeni wa chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, akauliza wanawake wako wapi. Viongozi hawakuwa na jibu la kuonyesha, ndipo akatafutwa Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa kikundi cha ngoma cha Bomba. Hakuletwa kwa sababu alikuwa amesoma nadharia yoyote. Aliletwa kwa sababu wanawake wa mji ule tayari walikuwa na vikundi vyao vya lelemama, vyenye viongozi, michango, mialiko ya harusi na misiba, na habari zilizosafiri toka mtaa mmoja hadi mwingine bila gazeti. Wakati huo watumishi wa serikali ya kikoloni walikatazwa kujiunga na TANU, na wanaume wengi wenye ajira waliogopa kufukuzwa kazi. Wanawake, ambao wengi hawakuwa na mwajiri wa kuwatisha, wakanunua kadi, wakauza vito vyao, wakaficha watu na karatasi. Mtafiti Susan Geiger alikusanya simulizi za wanawake hao katika kitabu kizima, na anayekisoma anaona wazi kwamba TANU iliingia katika mtandao uliokuwepo. Haikuuunda.

Baada ya uhuru mambo yakageuka. Mwaka 1962 iliundwa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, Bibi Titi akawa mwenyekiti wake wa kwanza. Ilionekana kama tuzo, na kwa namna fulani ilikuwa tuzo. Lakini kuanzia hapo mwanamke aliyetaka kusema jambo la siasa alipaswa kulipitisha kwenye umoja huo, na umoja huo ulikuwa chini ya chama. CCM ilipozaliwa 1977, UWT ikawa jumuiya mojawapo ya chama, sawa na vijana na wazazi. Bibi Titi mwenyewe alishindwa ubunge wa Rufiji katika uchaguzi wa 1965, na lilipokuja Azimio la Arusha mwaka 1967 akajiuzulu Kamati Kuu, kwa kuwa miiko ya uongozi ilikataza kiongozi kuwa na nyumba za kupangisha, naye alikuwa nazo.

Hapo pa nyumba nataka tukae kidogo, kwa sababu panaeleza mengi kuhusu mrengo wa kushoto. Azimio liliona vizuri kazi ya mwanamke wa kijijini. Linasema bila kumung'unya kwamba anafanya kazi saa nyingi kuliko mumewe, hata sikukuu. Mwalimu akarudia jambo hilo katika maandishi yake ya Ujamaa Vijijini mwaka huohuo. Si mabepari waliosema hivyo, ni wajamaa, na wanastahili sifa. Lakini Azimio liliitazama dhuluma hiyo kama tatizo la uvivu wa wanaume. Halikuuliza mazao yakiuzwa fedha zinaingia mfuko wa nani, wala shamba limeandikwa kwa jina la nani. Vijiji vilipoanzishwa, aliyehesabiwa ni mkuu wa kaya, na mkuu wa kaya kwa kawaida alikuwa mwanamume. Na miiko ya uongozi ilipoitazama nyumba ya kupangisha, iliona unyonyaji tu. Haikumtofautisha waziri aliyejenga kwa mshahara na cheo chake na mwanamke wa mjini asiye na shahada, asiye na shamba la urithi, ambaye chumba cha kupangisha kilikuwa karibu njia pekee ya kutomtegemea mume. Simtetei mwenye nyumba. Nasema itikadi iliyopima mali bila kumtazama mwenye mali ni mtu gani katika ndoa na katika ukoo ilikuwa na jicho moja.

Haki lazima isemwe pia. Ni enzi hiyohiyo ya ujamaa iliyotupatia Sheria ya Ndoa ya 1971, sheria iliyompa mke haki ya kumiliki mali yake, ikakataza mume kumpiga mkewe, na kuipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyochumwa pamoja. Ni sheria hiyo iliyoiwezesha Mahakama ya Rufani mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, kukubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika kuchuma mali. Na ni sheria hiyohiyo iliyomruhusu msichana wa miaka 15 kuozwa huku mvulana akisubiri 18. Rebeca Gyumi alikwenda Mahakama Kuu, akashinda 2016. Serikali ikakata rufaa, ikashindwa tena Oktoba 2019. Mahakama ilikuwa imetoa mwaka mmoja kifungu kirekebishwe. Mwaka ulipita, kifungu kikabaki kilivyo. Niambieni ni jumuiya ipi ya wanawake, ya chama chochote, iliyokiambia chama chake kwamba haitazunguka kuomba kura mpaka kifungu kile kifutwe.

Wale wa kulia mtafurahia kusoma haya, kwa hiyo nigeukie kwenu. Mtasema ilikuwa ni dola iliyokumbatia kila kitu, na kwamba soko na vyama vingi vingemfungulia mwanamke mlango. Kidogo ni kweli. Sheria za ardhi za 1999, zilizopitishwa wakati ujamaa umekwisha kuzikwa kwa vitendo, zinasema waziwazi kwamba mwanamke ana haki sawa ya ardhi na mwanamume, zinabatilisha mila inayomnyima, na zinataka wanawake wasiopungua watatu kati ya wajumbe saba wa baraza la ardhi la kijiji. Hakuna azimio la chama lililowahi kufika hapo. Lakini tuulize zilitoka wapi. Kabla yake, mwaka 1990, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, alikuwa ameamua katika kesi ya Ephrahim na Pastory kwamba mila ya Kihaya iliyomzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo inapingana na haki za binadamu zilizoingizwa katika Katiba. Kisha asasi za wanawake, TAMWA, TAWLA, TGNP na wenzao, zikaungana kuibana serikali wakati miswada inaandaliwa, kama zilivyokuwa zimeshinikiza Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998. Soko halikuandika vifungu hivyo. Waliviandika kwa kalamu na miguu wanawake ambao hawakuwa wakisubiri kuteuliwa na chama.

Na katika miaka hiyohiyo ya uhuru wa soko tuliona kilichompata mwanamke aliyejaribu kusimama nje ya jumuiya akiwa na idadi kubwa ya kutosha kutisha. Baraza la Wanawake Tanzania, BAWATA, chini ya uenyekiti wa Anna Tibaijuka, lilijitenga na chama na kutaka wanawake wapime wagombea wote wa 1995 kwa mizani ya mambo yao. Lilituhumiwa kwamba linafanya siasa kama chama, na 1997 usajili wake ukafutwa. Sikumbuki chama cha upinzani kilichofanya jambo hilo kuwa ajenda ya kampeni. Pengine kila kimoja kilikuwa kimeona faida ya kuwa na wanawake wanaokaa ndani.

Sasa tuje kwenye viti maalum, maana hapo ndipo mpangilio wa 1962 unapoishi hadi leo. Katiba, ibara ya 66, inataka wabunge wanawake wa viti maalum wasiopungua asilimia 30 ya wabunge wengine. Ibara ya 78 inavigawa viti hivyo kwa vyama vilivyopata angalau asilimia 5 ya kura halali za ubunge. Tazameni maana yake. Kura inayozaa kiti cha mwanamke ni kura aliyopigiwa mgombea wa jimbo, ambaye mara nyingi ni mwanamume. Hakuna mpigakura hata mmoja aliyeshika karatasi yenye jina la mwanamke huyo. Katika CCM, anayewania anasimama mbele ya mkutano mkuu wa UWT wa mkoa, anapewa dakika chache, anaimba, anapiga magoti, anaeleza alivyokitumikia chama. Wajumbe wanapiga kura, halafu majina yanapanda vikao vya juu vyenye neno la mwisho. (Walioshindwa kwenye kura za maoni za 2020 ndio waliotuachia msemo kwamba wajumbe si watu.) Katika vyama vingine mkutano unaweza kuwa mdogo zaidi na kikao cha juu kuwa na nguvu zaidi. Akifika Dodoma, mbunge huyo hawezi kuwa Waziri Mkuu, kwa sababu Katiba inataka atoke jimboni. Mfuko wa kuchochea maendeleo ya jimbo hauko mikononi mwake, kwa kuwa hana jimbo. Na akivuliwa uanachama, ubunge umekwisha.

Utaratibu huu ulivuliwa nguo hadharani Novemba 2020. Wanawake 19 wa CHADEMA waliapishwa kuwa wabunge wa viti maalum, wakiongozwa na Halima Mdee, aliyekuwa mwenyekiti wa BAWACHA. Chama kikasema hakikuteua mtu. Mamlaka zikasema majina yalifika. Chama kikawafukuza uanachama, Spika akaendelea kuwatambua, shauri likaenda mahakamani, nao wakaendelea kukaa bungeni. Kila mtu alikuwa na maoni kuhusu usaliti, kughushi na mkono wa dola, na sina nia ya kuamua ugomvi ule hapa. Nataka tu mwone kilichokosekana ndani yake. Katika mabishano yote ya miaka ile swali lilikuwa nani alitia sahihi. Hakuna aliyeweza kuuliza wapigakura wao wanasemaje, kwa sababu hawakuwepo. Na katika uchaguzi wa mwaka huohuo jimbo pekee ambalo CHADEMA ilitangazwa kulishinda, Nkasi Kaskazini huko Rukwa, lilichukuliwa na mwanamke, Aida Khenani, aliyekuwa ametoka viti maalum. Hilo linapaswa kuwanyima usingizi wanaokata majina ya wanawake majimboni kwa hoja kwamba hawauziki.

Najua mtanijibu kwamba bila viti maalum Bunge lingebaki la wanaume. Ni kweli, na kwa hiyo sisemi vifutwe kesho asubuhi. Katika chaguzi za 2015 na 2020 tulikuwa na majimbo 264, na wanawake walioyashinda hawakufika 30 katika uchaguzi wowote kati ya hizo mbili. Viti maalum 113 ndivyo vilivyotupa Bunge lenye zaidi ya theluthi moja ya wanawake. Lakini hesabu hiyohiyo ndiyo inayowashtaki. Viti hivi vilianza 1985, vikiwa 15, kwa matumaini kwamba ni ngazi ya kupandia. Vimeongezeka zaidi ya mara saba, na jimbo limebaki la mwanamume, kwa sababu kila mwanamke anapolitaka anaambiwa na vikao vyenu kwamba yeye anacho kiti chake, amwachie kaka.

Wengine watasema tuache sifa na uwezo viamue. Hoja hiyo hupendwa na wa kulia, ingawa nimeisikia hata kwa wajamaa wanapotaka jimbo. Katika nchi hii sheria ya uchaguzi iliwahi kuhalalisha takrima mwaka 2000, hata Mahakama Kuu ikaibatilisha 2006. Takrima ilitoka sheriani. Kura za maoni zenu zinajua kama imetoka mifukoni. Anayeshinda ni mwenye gari, mafuta, na nyumba ya kuweka rehani. Tumeshaona nyumba na shamba viliandikwa kwa jina la nani.

Watakaosema ukombozi wa wafanyakazi na wakulima utangulie, wanawake watafuata, wasome kilichotokea Hispania. Oktoba 1931 bunge la jamhuri lilijadili haki ya wanawake kupiga kura, na Victoria Kent, mwanamke wa mrengo wa kushoto, akasimama kutaka iahirishwe kwa hofu kwamba wanawake wangewapigia kura mapadri. Clara Campoamor akambishia, akashinda, na miaka miwili baadaye wahafidhina waliposhinda uchaguzi yeye ndiye aliyelaumiwa. Kule Uingereza wahafidhina wametoa mawaziri wakuu wanawake watatu, na chama cha wafanyakazi hadi sasa hakijatoa hata mmoja. Lakini ni chama hicho cha wafanyakazi kilichotenga majimbo yanayoshindika kwa wagombea wanawake tu, kikaingiza wabunge wanawake 101 mwaka 1997. Kulia kulitoa kileleni, kushoto kulitoa idadi, na katika yote mawili kilichoamua ni kanuni ya uteuzi. Kwa hiyo hata hoja kwamba tumepata Rais mwanamke hainitoshi. Samia Suluhu Hassan alishika madaraka Machi 2021 kwa mujibu wa Katiba baada ya kifo cha Rais Magufuli, na ni jambo kubwa katika historia yetu. Halikubadili nani anashika orodha ya majina mkoani.

Kuna pia wanaokimbilia kusema ufeministi ni wa Wazungu. Kushoto wanauita wa mabepari, kulia wanasema unavunja familia. Karl Marx hakuzaliwa Butiama, wala soko huria halikubuniwa Kariakoo, na bado hamkuona tabu kuvichukua. Wanawake wa Upare walioandamana miaka ya 1940 dhidi ya kodi ya mbiru hawakusubiri kitabu kutoka London.

Ninachowaomba kimeshaandikwa tayari, na si na mimi. Rasimu ya Katiba ya Tume ya Jaji Warioba, mwaka 2013, ilipendekeza kila jimbo liwe na wabunge wawili, mwanamke na mwanamume, wote wakipigiwa kura na wananchi walewale. Ugomvi uliolipasua Bunge Maalum mwaka uliofuata ulikuwa wa serikali mbili au tatu. Viti viwili vya jimbo havikumfanya mtu atoke ukumbini. Majirani wamejaribu njia nyingine. Kenya ina wanawake 47 wanaochaguliwa na kaunti nzima, na Uganda tangu 2006 mbunge mwanamke wa wilaya anapigiwa kura na wapigakura wote. Hawajamaliza tatizo, Kenya hasa, ambako sharti kwamba jinsia moja isizidi theluthi mbili ya wabunge, lisilotimizwa, lilimfanya Jaji Mkuu Maraga ashauri Bunge livunjwe mwaka 2020. Lakini mbunge wa kaunti akigombana na katibu mkuu wake ana wananchi wa kuwarudia.

Mpaka Katiba ibadilike, yako mambo mnayoweza kuyafanya kwa kikao kimoja. Sheria ya vyama iliyorekebishwa 2024 inawataka muwe na sera ya jinsia. Wekeni ndani yake idadi ya majimbo ambayo chama kilishinda mara ya mwisho na ambayo safari hii yatagombewa na mwanamke. Ipeni jumuiya fungu lake la ruzuku lisilohitaji kibali cha mtu kulitumia. Na kabla ya kura za maoni zijazo, kila mmoja wenu ajibu kwa maandishi: katika chama chako, ni kikao gani kinachoweza kukata jina la mwanamke aliyepitishwa na wenzake, kinakata kwa kigezo gani, na wajumbe wangapi wa kikao hicho ni wanawake?

Wasalaam,
Mpigakura